Isaza hakupenda
Juu ya mapendo na tamaa katika hadithi ya Wachwezi



Kuna jambo moja tumelisikia mara nyingi, na kwa kuwa kijitabu hiki ni cha mila, tumeona hapa ndipo pa kulisema wazi. Harusi ikifika hapa kwetu Mabalako, mara nyingi msemaji wa sherehe anasimama na kipaza sauti, anawasimulia watu habari ya mfalme Isaza wa Kitara na bibi yake Nyamata. Kisha anamgeukia bwana-arusi: «Umupende bibi yako sawa vile Isaza alimupenda Nyamata, mpaka kufa!» Watu wanapiga makofi, wamama wanapiga vigelegele, kasiksi inazunguka. Na sisi tunakaa kimya, juu ya kuheshimu chakula cha watu.

Lakini kimya chetu hakikuwa cha kukubali. Leo tunajibu. Tunasema: Isaza hakumpenda Nyamata. Alimtamani, basi. Hadithi yenyewe inalisema jambo hilo tangu mwanzo hadi mwisho, na anayeisimulia kama hadithi ya mapendo ameishika kichwa chini miguu juu. Kosa hili si dogo. Maneno ya harusini yanaingia ndani ya vijana kuliko mahubiri, kwa sababu yanaingia pamoja na furaha. Kijana akifundishwa kwamba moto ule wa Isaza ndio mapendo, ataukimbilia, na msichana atafundishwa kuungoja.

HADITHI HII NI YA NANI?

Kwanza tuwajibu wale watakaosema: «Hiyo ni mambo ya Banyoro, sisi inatuhusu nini?» Inatuhusu. Wazee wetu waliotusimulia ndani ya kyaghanda walisema mababu walitoka upande wa Kitara, wakavuka mto Semliki, wakapanda huku milimani na misituni. Ndugu zetu Wakonzo walibaki ng'ambo ya Ruwenzori, na kilichotutenganisha nao ni mpaka ambao Wazungu walikubaliana mwaka wa 1910, wala si lugha wala damu. Kama tulitoka Kitara, basi hadithi za Kitara tulizibeba pamoja na mbegu zetu.

Wataalamu wengi wanaweka wakati wa Wachwezi kwenye karne ya 14 na ya 15. Huko Uganda, karibu na mto Katonga, kuna mahandaki makubwa ya Bigo bya Mugenyi, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 10, ambayo watu wa huko wanasema ni kazi ya Wachwezi. Masimulizi yao yalianza kuandikwa zamani: Ruth Fisher aliyachapisha mwaka wa 1911, na John Nyakatura wa Bunyoro akayaandika katika kitabu chake cha mwaka 1947. Hayalingani katika kila jambo, kama vile hadithi zote za kinywa. Sisi tunafuata mwendo unaojulikana zaidi.

ISAZA NA NYAMATA

Isaza alikuwa mfalme wa mwisho wa Watembuzi, wale waliotangulia Wachwezi. Jina lake la sifa ni Rugambanabato, maana yake yule anayeshauriana na vijana. Alipopata utawala aliwaondoa wazee barazani, akabaki na rika lake. Siku moja vijana wale waliua punda milia. Ngozi yake ikawapendeza, wakamvika mfalme na kuishona mwilini mwake ingali mbichi. Jua likawaka, ngozi ikakauka, ikaanza kumkaba mwenyewe. Vijana wakababaika. Wazee ndio waliosema atupwe majini. Ngozi ikalainika, mfalme akapona.

Wengi wanaicheka habari hii na kuipita. Sisi tunaona msimuliaji wa zamani aliiweka pale makusudi, kabla mwanamke hajatokea. Ngozi ile ikiwa mbichi ni laini, inakukaa vizuri, kila mtu anakusifu. Ikikauka inakunyonga. Atakayesikia habari za Nyamata baadaye amekwisha kupewa mfano.

Kisha anakuja Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu. Alitaka kufanya udugu wa damu na Isaza, kwa desturi ya kumeza punje ya kahawa iliyopakwa damu ya mwenzako. Isaza aliogopa kujifunga na mfalme wa wafu. Akamwambia Bukuku, mlinzi wa lango, mtu wa kawaida, mwiru, ameze mahali pake. Yaani alikula kiapo kwa kinywa cha mtu mwingine. Mtu wa namna hiyo, tutamsadiki vipi akisema kwamba anapenda?

Nyamiyonga aligundua udanganyifu, akakasirika. Hakuleta jeshi. Alitafuta kujua mwenzake anashindwa na nini, akamtuma binti yake Nyamata, mzuri kupita wote, na kumkataza kusema ametoka wapi. Isaza akamwona, akamchukua, akamweka nyumbani. Nyamata akakaa naye akimchunguza. Jioni moja ng'ombe walikuwa wanarudi zizini, mmoja akalia, na mfalme akamwacha bibi yake palepale akaenda kumtazama ng'ombe. Nyamata akamwuliza kama anampenda ng'ombe kuliko yeye. Isaza akakubali kwamba hakuna anachopenda kuliko ng'ombe wake. Basi siri ikapatikana. Nyamata alikuwa na mimba. Akaaga kwenda kwao, akarudi kuzimu, akamzaa Isimbwa. Nyamiyonga naye akatuma ng'ombe wawili wazuri ajabu wajichanganye na kundi la Isaza. Walipotoweka, Isaza aliwafuata, akaacha ufalme, ardhi ikamfunukia, akaingia kuzimu, asirudi tena.

Sasa tuulize pamoja na msemaji wa harusi: mapendo yako wapi hapa?

Isaza hakumwuliza mwanamke ametoka kwa nani. Hadithi inasema msichana alikatazwa kusema, lakini haisemi kwamba mfalme alihangaika sana kutafuta. Hakwenda ukweni, hakuketi na baba mkwe, hakujua ukoo. Kwetu sisi, hata mtu maskini wa mwisho hakuoa namna hiyo. Jamaa zilitumana, ziliulizana, wamama wakubwa walipeleleza tabia pande zote mbili, na hata walipokubaliana bado kulikuwa na muda wa kungoja. Vijana wanasema muda ule ulikuwa wa kuwatesa. Hapana. Ulikuwa wa kuona kama ngozi itakauka.

Tena, Isaza mwenyewe alitamka kwamba ng'ombe anapita bibi. Tumwamini mtu akijishitaki mwenyewe.

Na neno linalotufunga mjadala ni hili: Nyamata alipoondoka na mimba, Isaza hakumfuata. Someni vizuri, ulizeni wazee wenu. Aliyemshusha kuzimu si mwanamke, ni ng'ombe wawili. Mama wa mtoto wake alikwenda zake, naye akabaki amekaa. Wanyama wawili walipopotea, aliacha hata kiti cha ufalme. Basi «mpaka kufa» tunayoimbiwa harusini ni uongo. Hakufa juu ya Nyamata. Tamaa mbele, mauti nyuma, na tamaa yenyewe ilikuwa ya mali.

Kuna wengine wanaokosea upande wa pili. Wanasimulia hadithi hii kuonya wanaume eti wanawake wazuri ni mtego wa shetani. Hayo nayo tunayakataa. Nani alimwuliza Nyamata kama anataka kwenda? Baba yake alikuwa na ugomvi na mwanaume mwenzake, akamtumia mtoto wake kama chambo kwenye ndoana. Akatumwa, akalala na adui wa baba yake, akabeba mimba, akarudi. Mwanamke huyu alitaka kujua jambo moja tu, kama anapendwa, na alipouliza akajibiwa habari ya ng'ombe. Sisi tukisikia jibu lile, tunamhurumia yeye.

ISIMBWA NA NYINAMWIRU

Baada ya Isaza, Bukuku yule mlinzi wa lango alikalia kiti. Wakubwa walimdharau kwa kuwa ni mwiru. Wapo wanaoliunganisha neno hilo na jina letu wenyewe, Bayira, watu wa jembe, na ndiyo sababu nyingine ya kusikiliza kwa makini tunaposimuliwa hadithi ambamo mkulima anachekwa na watu wa ng'ombe.

Bukuku alikuwa na binti, Nyinamwiru. Waaguzi walimwambia kwamba hatari yake itatoka kwa mtoto wa binti huyo. Basi akamtoboa jicho moja, akamkata sikio moja na titi moja ili pasiwe na mwanaume wa kumtamani, akamfungia ndani ya nyumba ambayo njia yake inapitia kwake mwenyewe, pamoja na mtumishi mmoja wa kike.

Isimbwa, mwana wa Isaza na Nyamata, alipopanda kutoka kuzimu kuwinda, alisikia habari ya msichana aliyefichwa. Akaingia kwa siri, mtumishi akimsaidia. Akakaa na Nyinamwiru, kisha akaenda zake. Msichana akazaa mtoto wa kiume. Bukuku akaamuru mtoto atupwe majini. Mfinyanzi mmoja, Rubumbi, akamwokota, akamlea. Mtoto huyo ndiye Ndahura, aliyeitwa pia Karubumbi kwa jina la mfinyanzi. Alipokua, aligombana na wachungaji wa Bukuku penye maji ya chumvi ya ng'ombe, akamchoma babu yake mkuki, akakalia kiti. Hapo ndipo Wachwezi walipoanza kutawala.

Hapa vijana wetu wana hoja yenye nguvu, na hatutaificha. Wanatuambia: «Wazee, mumesema Isaza alifuata uzuri. Sawa. Lakini Isimbwa? Ule muke alikuwa na jicho moja, sikio moja, ziwa moja. Uzuri iko wapi? Kama ile haiko mapendo, basi mapendo haiko!» Kijana mmoja alituambia hivyo mbele ya watu wengi, tukanyamaza kidogo, kwa sababu alisema kitu. Kweli, baba alimharibu mtoto wake ili asitazamwe, na mwanaume akaja hata hivyo. Ukatili wa Bukuku ulishindwa. Kwa Nyinamwiru, aliyeambiwa kila siku kwamba hafai, yule mtu aliyeingia usiku huenda alikuwa furaha ya kwanza. Hatuna ruhusa ya kumcheka.

Lakini tunajibu: kuna tamaa ya uzuri na kuna tamaa ya kilichofichwa. Kijana akiambiwa «usipite pale», miguu inamwasha. Isimbwa hakusikia habari ya tabia ya Nyinamwiru wala ya mateso yake, alisikia kwamba kuna msichana amefungiwa. Akapanda. Na dalili ya mapendo si namna mtu anavyoingia, ni anachofanya baadaye. Alimwona mwanamke aliyekatwa mwili na baba yake mzazi, akamwacha ndani ya nyumba ileile, mikononi mwa baba yuleyule, na mimba juu. Siku mtoto anatupwa majini, Isimbwa alikuwa wapi? Alikuwa anawinda. Tunamwona tena katika hadithi mtoto akiisha kuwa mfalme, anaitwa kwenye enzi ya mwanawe, anapewa heshima ya baba.

Tunawajua watu wa namna hiyo. Mtoto akiwa na diploma, wanatokea.

Wala msidhani jambo hili ni la Waafrika peke yao. Waingereza wana hadithi yao ya zamani, iliyoandikwa na Geoffrey wa Monmouth katika karne ya 12: mfalme Uther alimtamani Igerna, bibi wa mtu mwingine, akageuzwa sura kwa uchawi wa Merlin ili afanane na mume, akaingia kwake usiku, na hapo akatungwa mimba mfalme Arthur. Wafaransa na Wajerumani wa wakati ule walisimulia Tristan na Isolde, ambao walikunywa dawa melini, wakapendana wasijiweze. Kila taifa lina mfalme aliyezaliwa na usiku wa siri, na kila taifa lina wasemaji wanaouita usiku huo mapendo kwa sababu mtoto alikuwa mkubwa baadaye. Lakini ukubwa wa Arthur haumtakasi Uther, na ukubwa wa Ndahura haumtakasi Isimbwa. Tena sisi hatuna hata kisingizio cha dawa: katika hadithi yetu hakuna aliyenyweshwa kitu. Kila mmoja alitenda akiwa na akili zake.

NANI ALIPENDA, BASI?

Kama tukiishia hapo, tutakuwa tumebomoa tu. Hadithi ina mapendo, lakini wasemaji wanayaruka kwa sababu hayana kitanda.

Alipenda Nyinamwiru. Alipojua mtoto yu hai kwa mfinyanzi, alimsaidia kwa siri apate maziwa, yeye aliyekuwa mfungwa, na kila siku baba yake angeweza kugundua. Na siku Ndahura alipomwua Bukuku, mama huyu alilia na kufurahi kwa pamoja, kwamba siku moja imemletea mabaya na mazuri. Alimlilia baba aliyemtoboa jicho. Tuseme kweli, nani kati yetu angeweza? Hiyo ndiyo sehemu tungetaka isimuliwe harusini, hata kama vigelegele vingekatika.

Na alipenda Rubumbi. Mfinyanzi, mtu wa udongo, hakuwa na deni kwa yeyote. Alikwenda majini kwa kazi yake, akakuta mtoto wa watu. Kumwokota kulikuwa ni kujitia katika ugomvi wa wafalme. Akamchukua. Hakungoja kujua ni wa ukoo gani. Angalieni: Isaza hakuuliza ukoo ili apate haraka, Rubumbi hakuuliza ukoo ili atoe haraka. Kwa nje wanafanana, kwa ndani ni mbali kama Beni na Kinshasa.

Sisi wa Mabalako hatuhitaji kwenda mpaka Kitara kumtafuta Rubumbi. Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza Ebola hapa kwetu, Mangina ikiwa kitovu chake. Mpaka ugonjwa unatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 walikuwa wameugua na 2.287 wamekufa, huku kwetu na sehemu nyingine za Kivu ya Kaskazini na Ituri hasa. Siku zile ilikatazwa kugusana. Mume aliogopa kushika mkono wa bibi yake. Na hapo wakatokea wale waliopona. Kwa kuwa miili yao ilikwisha kuushinda ugonjwa, wanawake waliopona waliwabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya vituo vya matibabu, au wamekufa. Walikaa nao mchana na usiku ndani ya nyumba za kulelea zilizofunguliwa Beni na Butembo, watoto wasio wao, wengine wasiojulikana wataishi au hapana. Tukiulizwa mapendo ni nini, tunaonyesha pale.

«TAMAA NAYO NI YA MUNGU»

Tunajua jibu litakalotujia. «Nyie wazee munataka tuoane sawa mawe. Bila tamaa, nani angeoa? Nyie wenyewe mulizaliwa namna gani?» Tunacheka, tunakubali. Tamaa ya mwili si uchafu, na mila yetu haikuwahi kusema ni uchafu. Wazee wetu walifunga safari ndefu mpaka Katwe kutafuta chumvi, walijua thamani yake. Sombe bila chumvi nani ataila? Lakini hakuna aliyejaza sahani chumvi tupu akaita watu mezani. Tunayemshitaki ni yule anayeleta chumvi peke yake akisema amepika.

Wengine wanaojiona wamesoma wanasema mapendo yaliletwa na misioni na sinema, eti zamani kulikuwa na mbuzi tu. Tena wanashika lugha: katika kinande neno eryanza linabeba kupenda na kutaka pamoja, kwa hiyo, wanasema, wazee hawakutofautisha. Hoja hii ni nyepesi. Hata Wafaransa husema neno moja kwa mke na kwa jibini, na hakuna anayesema hawajui tofauti. Palipo na neno moja, mwenendo ndio unaotofautisha. Ndiyo maana ya zile safari za ukweni, ya kungoja, ya kumlimia baba mkwe, ya mbuzi zilizogawanywa kwa jamaa, kwa wajomba na mashangazi, ili wengi wawe mashahidi. Mwanaume aliyesema «ninamwanza mtoto wenu» aliambiwa: vizuri, tuonyeshe.

TUSEME YA KWETU

Sasa tugeuze kidole kije kwetu, maana hatukuandika haya juu ya Wanyoro wa karne ya 14.

Wababa, nyinyi ni Bukuku mara mbili. Kuna anayemfungia binti kwa hofu, asitoke, asisome, asizungumze na mtu, kisha anashangaa mtu amepanda ukuta. Ukuta ndio unaomwita. Na kuna anayemtuma binti kama Nyamiyonga: kwa mwenye kakao, kwa mwenye pikipiki tatu, kwa mwenye dola. Mahari ilikuwa alama, mmeifanya bei. Mbuzi zilizokuwa za ukoo mzima zimekuwa noti ndani ya mfuko wa baba mmoja.

Tutoe ushuhuda, bila kutaja mtu. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika teritware ya Beni yamewatoa watu wengi kwenye mashamba yao, na wengi walikimbilia kwetu. Katika familia moja ya waliokimbia kulikuwa na msichana wa miaka kumi na sita. Mwanaume mwenye pesa ya kakao akaja, akaahidi mbuzi na chakula cha nyumba. Tulipoitwa kwenye shauri tulimwuliza: «Unampenda?» Akasema: «Sana! Silali.» Tukamwuliza amefika darasa la ngapi. Hakujua. Alitoka kijiji gani? Hakujua. Ndugu zake wangapi waliuawa? Hakujua kama kuna waliouawa. Baba wa msichana alikuwa anatazama chini. Alikuwa na njaa ya kweli, hatukumcheka. Tulisema hapana, na sheria inasema hapana: Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15, lakini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016 ilifunga mlango huo, ni miaka 18 kwa mvulana na kwa msichana. Tukarudi nyumbani tukijiona tumeshinda. Kumbe tulisema hapana bila kuacha hata kikapu cha muhogo. Miezi michache baadaye msichana alikuwa na mimba, na mwanaume yule asiyelala amekwenda kununua kakao kwingine. Mama mkubwa wake, mwuza sombe, ndiye aliyempokea yeye na mtoto. Kosa lile ni letu pia. Tulikuwa na neno, hatukuwa na udongo mikononi kama Rubumbi.

Na ninyi vijana, msitukasirikie tukiwaita Isimbwa. Tunajua hali yenu: shamba haliendeki kwa ajili ya silaha, mahari imepanda, kazi hakuna. Mnasema hamwezi kuoa, basi mnapanda ngazi usiku. Lakini kutoweza kuoa hakukukatazi kubaki. Mtoto akizaliwa, jitokeze mchana. Nenda kwa wazazi wake na shangazi yako, uinamishe kichwa, useme «ni mimi». Hata kama mkononi huna mbuzi hata mmoja, hapo umempita Isimbwa.

Juu ya wale wanaochukua kwa nguvu ya silaha hatutasema mengi; jambo lao haliitwi hata tamaa. Linaitwa ubakaji, na sheria ya mwaka 2006 ililiwekea adhabu kali. Tunalitaja kwa sababu moja: msichana aliyefanyiwa hivyo anaporudi kijijini, kuna wanaomwona kama Nyinamwiru, mtu aliyekatwa kitu, asiyefaa kuolewa. Bukuku alimkata binti yake mara moja. Sisi kwa maneno yetu tunamkata kila siku anapokwenda kisimani.

KWA WASEMAJI WA HARUSI

Basi tunawaomba ninyi mnaoshika kipaza sauti. Hatuwakatazi hadithi ya Isaza. Isimulieni, ni yetu. Lakini isimulieni mpaka mwisho. Mwambieni bwana-arusi: usiwe kama Isaza, aliyemwacha bibi akaenda kutazama ng'ombe. Ujue ukoo wake, ujue anaogopa nini, na siku akiondoka umekosana naye, mfuate yeye kabla ya kufuata mali. Mwambieni bibi-arusi: una haki ya kuuliza kama Nyamata aliuliza, na ukijibiwa habari ya ng'ombe, umesikia. Waambieni wazazi wa pande zote mbili habari ya mfinyanzi, kisha mtazame kama kuna mtoto wa mtu amesimama nje ya hema na sahani tupu, mumwite ale.

Chama chetu kitakaa tena juu ya jambo hili kwenye kyaghanda, na anayeona tumekosea aje na hoja yake. Tutampa kiti.